Pikipiki Iliyobaki Mitwaba

Baba yangu alipofariki aliniachia pikipiki isiyowaka. Ilikuwa ya Kibelgiji, nyeusi, nzito kama ndama. Aliipata kwa mkubwa wake wa mgodini, siku yule Mzungu alipofunga masanduku na kuondoka kwa haraka mwanzoni mwa uhuru. Kaka zangu waligawana nyumba, cherehani na redio. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, nikapewa kile ambacho hakuna mwingine aliyekitaka, na walinipa huku wakicheka.

Sikuwa na nia ya kuiendesha. Nilitaka tu kuusikia tena mlio wake, kwa sababu tulipokuwa watoto ndio uliotuambia kwamba baba ametoka mgodini mzima. Nilimtafuta mtu wa mkokoteni akaisukuma hadi Naviundu, pembeni mwa Lubumbashi, kwa mzee mmoja fundi wa kuchomea vyuma, ambaye uwanja wake ulishuka mpaka karibu na mto. Pale nilimkuta mwanamume mwembamba mwenye miwani amepiga magoti mbele ya pikipiki iliyofanana kabisa na yangu, ila yake aliipaka rangi ya majani. Alikuwa Muluba wa Kasai, karani katika ofisi ya reli. Hakunisalimu mimi kwanza. Aliizunguka pikipiki yangu, akapapasa injini kwa kidole kimoja kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Mama, hii iko na kabureta yake ya kwanza," akasema. "Mulitoa wapi?"

"Ni ya baba."

"Na baba iko wapi?"

"Alikufa."

Akasimama, akavua miwani, akanipa pole kwa mikono miwili, kisha akarudi kupiga magoti. Tangu siku hiyo tukawa watatu: mzee, karani na mimi.

Tulikutana Jumamosi baada ya salongo, kazi ya lazima ya umma. Asubuhi kila mtu alikwenda kufyeka majani na kuzibua mitaro kama Chama kilivyoagiza, na mchana, mikono ikiwa bado na malengelenge ya jembe, tulishika spana. Vipuri havikuwepo popote. Kiwanda kule Ubelgiji kilikuwa kimeshafungwa, na hata kama kingekuwepo, nani angetuagizia? Mzee alikata vitambaa vya breki kutoka mkanda wa mashine uliotupwa. Karani alichonga mpini wa gia kwa mti wa mkwaju. Mimi nilipiga hesabu za meno ya gurudumu na kuchora kwa chaki juu ya bati. Taa ya mbele ya karani ilipovunjika kioo, nilileta kutoka kabati la marehemu mama bakuli moja la kioo lenye maua kwenye kitako. Mzee akalikata taratibu kwa uzi na mafuta ya moto, akalipachika kwenye taa. Usiku taa ile ilipowashwa ilichora ukutani ua kubwa lenye ukungu. Karani alijivunia taa hiyo kuliko mshahara wake.

Watu walitushangaa. Kaka zangu walisema nimekosa mume ndiyo maana ninalea chuma. Mke wa karani, mama mpole wa mtaa wa Katuba, alikuwa akimwuliza mumewe kila Jumamosi jioni, akiona shati lilivyochafuka, "Hiyo pikipiki inakupa nini?" Naye alivua shati, akamkabidhi. Mimi nilijua tu kwamba wiki nzima nilisema na wanafunzi, wazazi na wakubwa wa shule, na Jumamosi nilisema na watu.

Ndipo tukasikia habari za Mitwaba, mbali kaskazini. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, alipoziona pikipiki zetu, alituambia kwamba kule anamjua katekista mwenye pikipiki ya namna hii hii, anayeifungua na kuifunga peke yake miaka yote. Karani aliacha spana aliyoishika. Tulikuwa tumeamini kwamba katika Zaire nzima tumebaki sisi watatu. Reli ilipompa likizo yake, ikaangukia miezi ya mvua. Tulimsihi angoje kiangazi. Alicheka, akafunga gunia la vipuri nyuma ya tandiko, akaaga. Mke wake alimpa karanga na chikwangue, mikate ya muhogo, za njiani. Nasi tukasimama barabarani mpaka mlio ukapotea.

Jumamosi kadhaa zilipita. Hatukuwa na wasiwasi sana. Njia ya Mitwaba wakati wa mvua ni matope, na barua hazikutembea. Kisha dereva mmoja wa kamyo, yaani lori, akasimama mbele ya uwanja wa mzee, akashuka na kitu kilichofungwa katika gunia.

"Muzee," akasema, "hii si ni ya bantu ya hapa? Nilionaka hii kioo kwa ile pikipiki ya rangi ya majani."

Akafungua gunia. Ilikuwa taa. Kikombe chake kilikuwa kimebonyea, na kioo kimepasuka mstari mmoja kupitia katikati ya ua la mama yangu.

Mzee hakuipokea. Mimi ndiye niliyenyoosha mikono. Nakumbuka kwamba ilikuwa na mchanga ndani, mchanga mwekundu uliolowa, na kwamba niliugeuza ili umwagike, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu.

"Ulitoa wapi?" mzee akauliza.

"Kwa daraja, njia ya Mitwaba. Miti ya daraja ilivunjika. Sikuweza kuvuka, nikageuza kamyo. Pikipiki ilikuwa mu maji, bantu ya ile kijiji banaivuta inje. Nikauliza, mwenyewe iko wapi? Banasema alishakufa. Balishamubeba kwenda kumuzika."

"Wewe ulimuona?"

"Sikumuona. Niliona pikipiki."

Mzee akakaa chini, pale pale penye vumbi la vyuma, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Dereva, kwa kuona haya, akapanda kamyo lake akaenda. Kisha mzee akaniambia, bila kunitazama, "Mwalimu, weye ni mwanamuke. Wende kwa muke wake."

Nilikwenda Katuba kwa miguu nikiwa nimeikumbatia taa. Sikumbuki njia niliyopita. Mke wa karani alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Aliiona taa kabla hajaniona mimi. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, maneno mazuri ya mwalimu, na hakuna hata moja lililotoka. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kwa dada mkubwa, "Yaya, keti kwanza. Utaanguka." Akanipisha kiti chake. Akaendelea kuchambua yale majani mpaka fungu likaisha. Alipomaliza kuyaosha ndipo akaichukua taa mikononi mwangu.

Ofisi ya reli ilijaribu kuita misheni ya Mitwaba kwa redio ya upepo. Hakuna aliyejibu. Tuliambiwa betri zao zimelowa. Likizo ya karani ikaisha, kiti chake kikabaki kitupu, na hilo likawa ushahidi wa pili. Kilio kikawekwa. Ndugu zake walifika, wengine kutoka mbali sana kwa treni. Mke alinyolewa nywele zote, akakalishwa juu ya mkeka, akavikwa kitambaa cheusi. Mzee na mimi tulikuja kila siku. Tulikaa na watu tusiowajua, wakatuuliza tulimjuaje marehemu, na tulipojibu, "Kwa pikipiki," walitutazama kama watu waliomuua.

Kilichofuata kilinishtua pengine kuliko taa. Mdogo wa karani alikuja na vijana na mkokoteni, akaanza kutoa vitu nje: kitanda, viti, redio, suti zake za abakosi. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Ndugu, mama huyu atalala wapi?" Akanijibu kwa adabu, akiniita mama mwalimu, kwamba mali ya ndugu ni ya ukoo, na mimi si wa ukoo. Mke wa karani alinishika nguo kutoka pale mkekani. "Yaya, acha babebe," akasema. "Sasa mimi nitakalia kiti ya nani?" Basi waliibeba nyumba yote ikabaki kuta, sufuria na sanduku moja la mbao.

Alasiri moja, waombolezaji wengi wakiwa wameshatawanyika, nilikuwa nimempelekea bukari na ndakala, yaani ugali na dagaa. Wanawake wachache walikuwa wamekaa naye chini uani. Mwanamume mmoja akasimama kwenye mlango wa uwanja. Alikuwa na ndevu, matope yamemkauka mpaka magotini, na kifurushi begani. Alituona tulivyokaa, akaona kichwa kilichonyolewa, na mara moja akavua kofia. Akaingia kwa kuinama, polepole, kama mtu mwenye heshima anavyoingia penye kilio, akaja kuchuchumaa kando yetu.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikufa?"

Ilikuwa sauti ya karani. Mwanamke aliyekaa karibu nami alianza kurudi nyuma kwa matako, bila kunyanyuka. Hakuna aliyepiga kelele. Huwa nawaambia watu hivyo na hawaniamini.

Mke wake aliinua kichwa kilichonyolewa.

"Ni weye," akamjibu.

Karani akatugeukia mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliniita, "Mwalimu?" kama anayeomba nimsahihishe. Mke wake akanyoosha mkono, akamgusa mguu, akaukwangua ule udongo kwa kucha, akautazama. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya jiko.

Shangazi mzee wa upande wa mume ndiye aliyejua la kufanya. Alisema mtu aliyeliliwa hawezi kupita mlango ambao kilio chake kimetokea. Akachota maji, akamzungusha hadi mlango wa nyuma, akamwosha uso na miguu, ndipo akamwingiza. Naye akasimama katikati ya chumba chake kitupu, maji yakimtiririka, akitafuta pa kukaa. Mtu alikuwa amekimbia kumwita mdogo wake. Alikuja mbio jinsi alivyokuwa, na alikuwa amevaa abakosi ya kaka yake, ile ya kijivu ya sikukuu. Waliangaliana. Mdogo akaanza kufungua vifungo. Aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya lile sanduku la mbao, akatoka nje kifua wazi. Mpaka leo sijui kama karani aliwahi kusema naye kuhusu siku ile.

Jioni mzee alipofika, karani alitueleza, akiwa ameketi chini na mgongo ukutani. Katekista yule alikuwa kama ndugu aliyempotea. Walifungua pikipiki ya katekista yote, wakaipanga vipande vipande juu ya mkeka, kwa sababu karani alitaka kumfundisha namna tulivyotengeneza breki, na katekista alitaka kumwonyesha dawa yake ya kuzuia manyeto isilowe, kile kifaa kinachotoa cheche. Katikati ya hayo akaja mjumbe: ng'ambo ya mto kuna mgonjwa anayeomba sala. Pikipiki ya katekista ilikuwa mkekani.

"Nikamuambia, kamata yangu," karani akasema. "Alifurahi sana. Alikuwa anaangalia ile taa, anasema atarudi na giza ili aione inavyowaka."

Mvua ikanyesha juu milimani. Mto ukashuka na nguvu, na miti ya daraja ikaondoka chini yake. Watu walimtoa majini upande huu wa njia ya Lubumbashi, wakamvusha kwa mtumbwi mahali palipotulia, akazikwa Mitwaba. Karani alibaki kwenye kilio. Angewezaje kuondoka? Na hata alipotaka, hakuna kamyo lililofika pasipo daraja, ikambidi mwishowe avuke kwa mtumbwi na kutembea, na hakujua kwamba nyumbani kwake wanalia pia. "Nilikuwa nalala kule chini pamoja na wanaume, nikifikiri, muke wangu atanikasirikia kwa sababu nimechelewa," akatuambia.

Mzee aliinamisha kichwa. Mimi niliona haya kwa jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa nimefurahi kwamba aliyekufa ni mtu nisiyemjua, kisha nikasikia kwamba yule nisiyemjua alikuwa mmoja wetu.

Baada ya hapo haikuwa rahisi kama mtu angedhani. Vitu vingine vilirudi, vingine havikurudi. Sokoni Katuba walimbatiza jina la Marehemu. Mama mmoja muuza chumvi hakukubali kupokea kitu kutoka mkononi mwake, alimwambia aweke chini kwanza. Ofisini walimrudishia kazi baada ya kwenda mara nyingi kuthibitisha kwamba yuko hai. Aliyacheka hayo. Lakini mkewe hakucheka. Aliniambia siku moja, "Yaya, nilishamulilia. Nilimuzika mu roho yangu. Sasa iko hapa anakula, anauliza chumvi, na mimi sijui namna ya kumufukua." Karani aliacha kuja Naviundu. Pikipiki ya baba yangu na mimi tulibaki na mzee.

Kiangazi kilipoingia, njia ikakauka na daraja likajengwa upya, karani alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza tangu mwaka kugeuka. Alitaka kurudi Mitwaba kufunga ile pikipiki iliyobaki mkekani. Mzee akasema atakwenda, nami nikasema nitakwenda. Wa nne alikuwa mke wake. Hakuna aliyemwomba.

"Nililia kilio cha bwana ya muntu mwingine," akasema. "Nataka kumuona mwenye kilio."

Tulipanda kamyo la mahindi lililokuwa likirudi tupu. Njia nzima niliogopa. Niliwaza kwamba mjane wa katekista atatufukuza, kwamba atamwuliza karani kwa nini alimpa mumewe ile pikipiki. Mke wa karani alikaa juu ya magunia matupu akiwa amefunga kitambaa kichwani.

Nyumba ya katekista ilikuwa ya matofali mabichi, nyuma ya kanisa. Mjane alitoka kichwa wazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyokimbia. Mke wa karani alishuka, akasimama mbele yake, na kabla ya salamu akafungua kitambaa chake akakishusha mabegani. Nikaona kile ambacho sikuwa nimekifikiria hata mara moja: nywele zao zilikuwa na urefu mmoja. Walinyolewa katika majuma yale yale. Zilikuwa zimeota sawasawa, fupi, laini kama za watoto, katika vichwa viwili vilivyokuwa vimelia kifo kimoja bila kujuana. Mjane naye aliona. Aliinua mkono, akapitisha kiganja juu ya kichwa cha yule mgeni, halafu juu ya kichwa chake. Nilitazama pembeni, na nikamwona mzee amefunika uso kwa kofia.

Walikumbatiana. Hakuna aliyewatafsiria neno, ingawa mmoja alilia kwa Kiluba cha Kasai na mwingine kwa Kiluba cha kule.

Mjane alitupeleka ndani. Pikipiki ilikuwa pale kwenye mkeka. Miezi yote ile hakuna kipande kilichokuwa kimesogezwa: boliti zimepangwa kwa ukubwa, mnyororo umekunjwa, pistoni imefunikwa na karatasi. Mkeka ulichukua karibu chumba chote. Yeye na watoto wake walikuwa wakipita kando ya ukuta, na usiku walilala jikoni.

"Alisema musiguse mpaka yeye na mugeni bataifunga," akatuambia. "Ni neno lake la mwisho kwa nyumba hii. Nani ataligusa?"

Karani alitoka nje, akakaa nyuma ya kanisa kwa muda. Aliporudi alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Tuliifunga uani, mbele ya macho ya kijiji kizima. Mjane alikaa karibu, akitupa kila kipande kwa mpangilio wake. Alikuwa ameutazama ule mkeka muda mrefu mno. Alitueleza habari za mumewe huku tukifanya kazi. "Miaka yote bantu banamucheka, katekista na chuma yake. Alikuwa anasema iko peke yake mu dunia. Bwana huyu alipofika, balisema mpaka jogoo. Nikamuambia, leo umepata muntu ya luga yako." Karani alikuwa akikaza boliti. Hakuinua kichwa, lakini spana ilisimama.

Ilipokuwa tayari, karani hakutaka kuiwasha yeye mwenyewe. Mjane akaninyooshea kidole mimi. Lubumbashi mwanamke hakuruhusiwa hata kuvaa suruali, na sikuwahi kupanda pikipiki ya baba mbele za watu. Nilikaza kitenge changu, nikaikanyaga. Ilikohoa, ikakataa. Nikarudia. Ikawaka, ikatoa moshi wa bluu, kuku wakatawanyika, na watoto wa mjane, waliokuwa kimya tangu asubuhi, wote wakageuza nyuso kuelekea njia ya mtoni. Walidhani anarudi. Mimi ninaujua mgeuko huo wa shingo. Nikaizima mara moja.

"Washa," mjane akasema. "Bazoee."

Aliitoa pikipiki kwa muuguzi wa dispensari, awafikie wagonjwa wa ng'ambo. Kwa viangazi kadhaa tulirudi kuitengeneza, mpaka petroli ilipoadimika na makamyo mengi yakalala. Binti mkubwa wa mjane alikuja Lubumbashi kusoma, akakaa Katuba kwa mke wa karani, akamwita mama. Nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe.

Karani alirudi Naviundu pia. Mzee alikuwa amemwokotea fremu tupu, isiyo na gurudumu wala injini, badala ya ile iliyoharibika mtoni. Jumamosi ya kwanza alikuja na mkewe. Mama huyo hakuwahi kukanyaga pale. Alifuta tairi kuukuu kwa ncha ya kitenge, akalikalia, akatutazama tukifanya kazi mchana wote. Kisha akaokota kipande kimoja kutoka kwenye bati, akakigeuza mkononi.

"Hii inafanyaka nini?" akamwuliza mumewe.

Karani akaacha alichokuwa akifanya, akaenda kuchuchumaa mbele yake, akaanza kumweleza.